Kibali cha mpishi wetu Mkenya kinakaribia kuisha, naombeni ushauri

Dada wa Usa River:
Wakuu, wakubwa shikamooni. Nashughulikia utumishi kwenye loji ndogo hapa Usa River, vyumba 12. Mpishi wetu mkuu ni Mkenya, na kibali chake cha kazi cha miaka 2 kinaisha miezi mitatu ijayo. Bosi anasema tusihangaike, Mkenya ni ndugu yetu wa Afrika Mashariki, anavuka Namanga bila viza. Mimi roho haitulii. Huyu kaka ana watoto wawili wanasoma hapa. Likimkuta jambo nitamtazamaje mkewe?

Mzee wa Njiro:
Marahaba mdogo wangu. Roho yako inakwambia kweli. Kuvuka mpaka bila viza hakumpi ruhusa ya kufanya kazi. Anatakiwa awe na vyote viwili: kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, kisha cha ukaazi Uhamiaji, daraja B. Cha kazi ndicho kinachotangulia. Sheria ya 2015 inatoa miezi 24, unahuisha, ila jumla ya miaka ina ukomo wake. Anza sasa.

Halafu kuna hili. Mlipoomba mara ya kwanza mliahidi kumwandaa Mtanzania ashike nafasi hiyo. Yuko wapi? Kampuni niliyokuwa zamani tuliandika jina la kijana wa stoo ili fomu ijae. Afisa kazi akaja, akamuuliza amejifunza nini. Kijana akanyamaza, akaniangalia mimi. Mpaka leo naiona ile sura. Miaka miwili tulimdhulumu yule mtoto, na mwenye kalamu nilikuwa mimi.

Fundi Sakina:
Naongezea: akipata hoteli nyingine asidhani anahama na kibali. Kimefungwa kwa mwajiri na nafasi hiyohiyo, huko wataomba upya.

Dada wa Usa River:
Asanteni sana. Mzee, maneno yako yalinipeleka jikoni asubuhi hii. Tuliyemwandika ni binti wa Tengeru. Supu na mikate anapika mwenyewe, wageni wanasifia. Lakini kupanga menyu na kuagiza mahitaji hajaachiwa hata siku moja. Nimeongea na bosi, kakubali: kuanzia Jumatatu daftari la oda analishika binti, mpishi anamsimamia. Mpishi mwenyewe amefurahi, anasema alikuwa anasubiri aambiwe. Maombi naanza kuyajaza usiku huu.