Acheni kusema watu "wameungua", mnawafanya wakimbie dawa

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo acha niseme.

Mtu akipungua vikilo viwili tu, picha yake inazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp: "Huyu keshaungua." "Kakanyaga waya." Yaani ana VVU, virusi vya UKIMWI. Akinenepa: "Dawa zimemkubali." Nani kawapa kazi ya kupima damu za watu kwa macho? Halafu linafuata lile la "kajitakia mwenyewe". Mwenye presha mbona hamumsemi hivyo? Na waliozaliwa na virusi, nao walijitakia?

Mnaongea kama vile bado tuko miaka ya 80. Dawa za mseto za kufubaza virusi zipo tangu 1996, na anayezimeza bila kuruka anaishi, anafanya kazi, anazaa watoto wasio na maambukizi. Utafiti wa PARTNER, uliotoa matokeo 2016 na 2019, ulifuatilia mamia ya wenza ambao mmoja ana VVU vilivyofubazwa na mwingine hana, na walikuwa hawatumii kondomu. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake. Sifuri! Lakini hadi leo kuna mtu anasugua mara mbili kikombe alichonywea shemeji yake.

Wanaoniudhi kuliko wote ni wahudumu wa afya, maana wao wamesomea. Nilimsindikiza ndugu yangu kliniki, tumekaa koridoni, muuguzi akatoka na kupaza sauti: "Wale wa dawa zao, mlango wa nyuma!" Korido nzima ikageuza shingo kuangalia nani anainuka. Dada mmoja akavuta mtandio mpaka puani, akainuka, akashika njia ya getini. Mpaka tunaondoka hakuwa amerudi.

Dozi ikikatika, virusi vinaanza kuzaliana upya, na vinaweza kujenga usugu kiasi kwamba dawa zilezile zisimsaidie tena. Akidhoofika, mtasema ni mzembe, kaacha dawa. Kaacha mwenyewe au mmemfukuza?

Muuguzi, kadi zina namba. Ita namba, kwa sauti ya kawaida, mlango uleule wanaopita wengine. Wakubwa wa kliniki nao waache kujifanya hawasikii hizo kelele. Na nyie wa magrupu, huyo mnayemzungushia picha ana simu, anawasoma. Ifuteni leo na mumuombe radhi humohumo mlikomtukania.