Tochi za kichwani kwa milima ya Usambara: ipi inadumu, ipi ya "waja leo waondoka leo"? Tupeane uzoefu

Mgosi wa Magamba

Wakuu, salaam. Swali la tochi ya kichwani huulizwa kila watu wanapojiandaa kwenda Lushoto, Amani au Magoroto, na jibu huwa "nunua nzuri, achana na feki". Jibu hilo halimsaidii mtu. Tuweke mambo hapa kwa undani: kipi kinaharibika, kwa nini, na unakizuiaje. Hadithi za safari tuziache.

Naanza. LED yenyewe (kile kitaa kidogo kinachotoa mwanga) hufa mara chache mno. Tochi ikizima njiani, tatizo karibu kila mara liko kwenye njia ya umeme kabla haujaifikia hiyo LED: betri, springi, waya, swichi au tundu la chaji. Kwa hiyo dukani usivutiwe na wingi wa vitaa usoni. Kagua hivyo vitano.

Na wa matembezi ya mchana wasijitoe. Huku jua linazama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, na giza halichelewi kufuata. Chini ya miti mikubwa ya Magamba linatangulia. Anayeanza kupanda saa 9 alasiri bila tochi anabahatisha.

Fundi Ngamiani

Umeanza vizuri, mgosi. Niongeze ya mezani kwa fundi.

Waya ndio unaoongoza kwa kuharibika. Tochi yenye boksi la betri kisogoni na taa usoni ina waya unaopita ubavuni mwa mkanda. Hukatika pale unapoingilia boksi, kwa kuwa hapo ndipo unapopindwa kila ukikunja tochi kuitia mfukoni. Ganda la nje linabaki zima, kwa hiyo kwa macho huoni kitu. Namna ya kupima: washa, kisha pinda taratibu sentimita 3 za mwisho, upande wa boksi na upande wa taa. Mwanga ukipepesa, nyuzi za ndani zimeanza kukatika. Kata kipande hicho, menya milimita 5, pitisha mpira wa kusinyaa (ule unaojikaza ukipashwa moto) KABLA ya kulehemu (wengi wanaukumbuka wakati kiungo kimeshapoa), kisha lehemu. Funga fundo dogo la waya kwa ndani ya boksi ili ukivutwa, mvuto uishie kwenye fundo na usifike kwenye lehemu. Ukiweza kupata tochi ambayo betri iko ndani ya kichwa chenyewe, bila waya wa nje, umeondoa ugonjwa huu wote.

Springi. Sisi wa Tanga mjini tuna hewa ya chumvi, na ndiyo inayoleta ule ukijani kwenye shaba. Betri za rimoti (AAA) za alkali nazo zikiachwa ndani huvuja na kuacha unga mweupe. Unga ule ni alkali, hivyo dawa yake ni asidi kidogo: kamulia ndimu au weka siki kwenye kijiti cha pamba, sugua, subiri dakika moja, futa kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Mwisho pitisha kifutio cha penseli. Msitumie msasa! Unaondoa ngozi ya nikeli iliyopakwa juu ya springi, na kutu inarudi mbio kuliko mwanzo. Tochi isiyotumika kwa mwezi, betri zake zitoke.

Swichi ikianza kudai ubonyeze mara mbili tatu ndipo iwake, ibadilishe kabla ya safari. Fundi simu yeyote anazo. Pima urefu wa kitufe cha zamani, maana kirefu kupita hicho kitabaki kimebonyezwa na raba muda wote.

Binti Soni

Mimi nizungumzie betri, hasa hizi za duara za kuchaji, 18650. Namba hiyo ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu 65. Ukiona imeandikwa mAh (kipimo cha chaji inayobeba) 9900 au 12000, iache hapo hapo mezani kwa muuzaji. Nyingi ya zilizo bora za saizi hiyo zinaishia 3500 au 3600 hivi. Halisi ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na mizani ya muuza dhahabu au ya kupimia viungo inatosha kukuambia ukweli. Feki nyingi ni nyepesi waziwazi. Ndani kuna kiini kidogo, sehemu iliyobaki ni ganda.

Vipimo vya testa: ikijaa ni volti 4.2, katikati ya safari inazungukia 3.7, na ikifika 3.0 ichaji. Iliyolala chini ya volti 2 kwa muda mrefu usiichaji tena, hata kama chaja inaikubali. Ndani imeshaharibika na inaweza kupata shoti ikichajiwa.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni urefu. Betri yenye kibao cha ulinzi (kisahani cha umeme kinachoikinga na shoti) kitakoni hufika milimita 68 hadi 70. Tochi nyingine haiipokei, kifuniko hakifungi vizuri, maji yanapata njia. Na kuna za kichwa bapa na za kichwa chenye kinundu. Tochi iliyotengenezwa kwa kinundu haitagusa bapa. Beba ile ile uliyokwisha kuijaribu kwenye tochi yako.

Zile tochi kubwa za bei nafuu zinazochomekwa moja kwa moja ukutani mara nyingi zina betri ya risasi ya volti 4. Ikikaa bila chaji wiki kadhaa, sahani zake hujenga sulfati na haishiki chaji tena. Kwa banda la kuku sawa. Kwa mlima, hapana.

Pangani Kwetu

Dada, swali. Kwenye maboksi wanaandika saa 100, saa 150. Kweli?

Binti Soni

Ni kweli kwa hesabu yao. Kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi kinahesabu muda mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ulivyoanza. Tochi ya lumeni 200 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) inahesabiwa "inawaka" hadi lumeni 20. Tena saa 100 huwa ni za ule mwanga wa chini kabisa.

Kadiria mwenyewe: lumeni 100 zinakula takriban wati 1. 18650 halisi ya mAh 3500 ina wati-saa 13 hivi, kwa hiyo saa 10 au zaidi kidogo kwa lumeni 100. AAA tatu za alkali zina kama wati-saa 4, zikitoa vizuri; hapo ni saa 3 au 4. Kwa njia ya mawe na mizizi lumeni 100 zinakutosha. Za 1000 zinakula wati 10, kichwa cha tochi kinapata moto, na zilizotengenezwa vizuri zinajipunguza zenyewe baada ya dakika chache. Zile zisizojipunguza ndizo zinazochoma LED, na hapo tu ndipo namwachia mgosi nafasi ya kusema LED imekufa.

Mgosi wa Magamba

Nimekubali, dada. Niongeze: ambayo haina kidhibiti cha umeme huanza kufifia tangu dakika ya kwanza, polepole, na jicho linaizoea. Yenye kidhibiti inabaki sawa, halafu inashuka ghafla. Ya pili ni bora kwa kutembea, lakini lazima ujue inakuonyaje kabla ya kushuka: nyingine inapepesa mara mbili, nyingine ina kitaa chekundu. Iwashe nyumbani mpaka iishe uone.

Mzee wa Mtae

Vijana mmesahau ukungu. Mtae na Shagayu ukungu ukishuka, tochi ya kichwani inakupofusha, kwa sababu mwanga unatoka karibu na jicho na unarudishwa na vitone vya maji moja kwa moja kwako. Kuongeza mwanga kunazidisha weupe. Ivue, ishike mkononi usawa wa kiuno au goti, mwanga wa chini, uelekee miguuni. Vivuli vya mawe vinaonekana mara moja. Hivyo mkanda uwe wa kutoka upesi kichwani, na tochi iwe ya kushikika.

Njia ya Amani

Shikamoo mzee, hilo ni la kuandikwa. Kwa wanaotembea usiku Amani kutazama vinyonga: mwanga mpana na mdogo unafaa zaidi kuliko mshale mkali, kinyonga aliyelala anaonekana mweupe-mweupe kwenye tawi. Mkifika kituoni geuzeni taa nyekundu, wadudu wanapungua usoni.

Jihadharini na dawa ya mbu yenye DEET. Inayeyusha baadhi ya plastiki, kioo cha tochi kinafanya ukungu wa kudumu, na mkanda unalegea. Jipake, futa viganja, ndipo ushike tochi.

Pangani Kwetu

Na maji? Masika ya kule siyo mchezo.

Fundi Ngamiani

Angalia namba ya IPX, ndiyo ya kinga ya maji. IPX4 ni matone na manyunyu ya pande zote, inatosha kwa mvua ukiwa umeivaa. IPX7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30. Lakini namba hiyo ni ya tochi mpya. Ile pete ya raba kwenye kifuniko ikikauka au ikinaswa na chembe moja ya mchanga, namba imekwisha. Ifute, ipake mafuta ya silikoni kiasi cha kung'aa tu. Mafuta ya mgando huvimbisha aina kadhaa za raba, yaacheni. Kifuniko cha tundu la USB ndicho kinachopitisha maji zaidi, kikiachwa wazi baada ya kuchaji. Tundu likilowa, usichaji mpaka likauke, la sivyo pini zinaliwa.

Njia ya Amani

Kujiwasha ndani ya begi pia kunamaliza wengi. Kama ina kufuli ya kitufe, itumie. Kama haina, geuza betri moja kichwa chini mpaka mtakapofika, au tia kipande cha karatasi ngumu kati ya betri na springi.

Mgosi wa Magamba

Kugeuza betri iwe kwa zile za AAA tu, mkuu. 18650 ikigeuzwa kwenye tochi isiyo na kinga inaweza kuunguza kibao cha umeme cha tochi. Hapo karatasi.

Wanaoendelea hadi Kilimanjaro: baridi ya usiku wa kileleni hushusha nguvu ya alkali vibaya. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili.

Pangani Kwetu

La mwisho. Tochi yenye tundu la USB-C, waya wa chaja mpya ya simu hauichaji kabisa. Mbovu?

Fundi Ngamiani

Huenda ni nzima. Tochi nyingi za bei ya chini hazikuwekewa vizuizi viwili vya umeme (resista) vya kilo-omu 5.1 kwenye tundu, na chaja yenye C pande zote mbili haitoi umeme isipovihisi. Tumia waya wenye kichwa kipana cha zamani (USB-A) upande wa chaja, C upande wa tochi. Ikiwaka taa nyekundu, ndiyo hiyo, na huo ndio waya wa kubeba mlimani pamoja na pawabenki yenye tundu pana.