Tupeane uzoefu: Uliamuaje kwamba faili la mfumo usilolifahamu ni salama kulifuta?

Mleta mada

Ndugu wanachama, salaam. Wiki iliyopita diski ya kompyuta yangu mpakato ilijaa, na nilipotafuta kilichoijaza nikakutana na faili la gigabaiti sita na ushei ambalo sikuliweka mimi wala sikujua kazi yake. Jina lake ni hiberfil.sys, nalo hukaa kwenye mzizi wa diski C pamoja na mwenzake pagefile.sys, yote mawili yakiwa yamefichwa mpaka uruhusu mafaili ya mfumo yaonekane. Nilijaribu kulifuta, Windows ikakataa kwa maelezo kwamba linatumika.

Badala ya kulazimisha nilikaa nikasoma, nikaelewa kwamba humo ndimo Windows inamohifadhi yaliyomo kwenye memori pale kompyuta inapolazwa na umeme wake kukatwa kabisa, ndiyo maana kwangu mimi, mwenye memori ya gigabaiti 16, lilikaribia asilimia 40 ya kiasi hicho. Kwa kuwa huwa nazima kompyuta badala ya kuilaza, nilifungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, nikaandika powercfg /h off, na faili likaondoka lenyewe. Nilichokikosa ni uwakaji wa haraka, kwa sababu nao hutegemea faili hilohilo. Pagefile.sys sikuligusa, maana ndilo linalopokea mzigo memori inapoelemewa.

Naomba kila mwenye kisa chake aeleze alifuta nini, alitumia kigezo gani kuamua, na nini kilifuata. Jibu la "futa tu, haina shida" bila sababu halitatusaidia.

Mchangiaji wa kwanza

Kisa changu ni cha folda ya Installer iliyomo ndani ya folda ya Windows. Nayo imefichwa, na niliyoyaona mle ni mafaili ya msi (ya kusakinisha programu) na msp (ya kuzisasisha) yenye majina ya herufi na tarakimu zisizo na maana yoyote kwa mtu anayezisoma. Nilijiambia kwamba haya ni mabaki ya programu nilizokwisha kusakinisha, kwa hiyo kazi yake imekwisha. Nikayafuta yote, nikazima kompyuta na kuiwasha, na kila kitu kikafanya kazi vizuri, nami nikaamini kwamba uamuzi wangu ulikuwa sahihi.

Miezi miwili baadaye programu ninayoandikia nyaraka ilidai sasisho. Usakinishaji ulikatika katikati ukiomba faili la msi ambalo halikuwepo tena. Nilijaribu kuiondoa programu ili niiweke upya, na hapo pia ikaomba faili lilelile. Ndipo nilipofahamu kwamba folda ile si jalala la mabaki. Ni ghala ambalo Windows huliendea kila inapotaka kurekebisha, kusasisha au kuondoa programu. Amri ya sfc /scannow, ambayo hurudisha mafaili ya mfumo yaliyoharibika, haikunifaa kwa sababu hayo si miongoni mwa mafaili inayoyalinda. Kuyaazima kwa rafiki nako hakukuwezekana, maana ghala la kila kompyuta lina mambo yake. Niliishia kusakinisha mfumo mzima upya, kazi iliyonichukua siku mbili.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi hupima usalama kwa kuangalia kama kompyuta imewaka baada ya kufuta. Yangu iliwaka kila siku kwa miezi miwili.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni wa zamani kidogo. Mwaka 2002 nilipokea barua pepe kutoka kwa mtu wa familia ninayemheshimu, ikieleza kwamba kompyuta yangu huenda ina kirusi kiitwacho jdbgmgr.exe, chenye picha ya dubu mdogo wa kuchezea, na kwamba antivirusi haiwezi kukiona. Nilitafuta, nikakiona kweli, na picha ya dubu ipo. Antivirusi yangu ilinyamaza, lakini barua ilikwisha kuniambia kwamba ingenyamaza, kwa hiyo ukimya wake nikauhesabu kuwa uthibitisho. Nikafuta, kisha, jambo linaloniuma mpaka leo, nikaituma barua ile kwa watu wengine.

Lilikuwa faili halali la Windows, lililotumiwa na watengenezaji wa programu za Java. Mwaka 2001 uongo wa namna hiyohiyo ulikuwa umewafanya watu wafute sulfnbk.exe, chombo cha kurejesha majina marefu ya mafaili. Kuwapo kwa faili mahali ulipoambiwa kulitafuta hakuthibitishi kwamba ni baya, kwa kuwa lilikuwa kwenye karibu kila kompyuta ya wakati huo.

Mchangiaji wa tatu

Kwangu mambo yalikuwa kinyume: nilikaribia kuliacha baya nikidhani ni la mfumo. Kwenye orodha ya michakato, yaani programu zinazoendeshwa wakati huo, niliona scvhost.exe, na macho yangu yakasoma svchost.exe, ambalo ni faili halali linalobeba huduma nyingi za Windows na huonekana mara nyingi kwa wakati mmoja. Nilishtuka nilipoona njia yake inaanzia kwenye folda ya Temp, ilhali lile la kweli hukaa System32, na lenye umbo la biti 32 hukaa SysWOW64. Nilibofya sifa za faili nikakuta halina saini ya kidijitali, nikalipandisha VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa antivirusi nyingi kwa pamoja, na nyingi kati yake zikalitambua kuwa hasidi. Sikulifuta kwa mkono. Niliiachia antivirusi ilitenge, kwa sababu mara nyingi hasidi huacha kitu kingine kinacholirudisha.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Baada ya kisa cha mchangiaji wa kwanza, niliacha mpango wangu wa kuingia WinSxS, folda ambamo Windows huhifadhi vipande vya mfumo, na kufuta kwa mkono. Niliendesha amri ya Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore, inayopima folda hiyo, nikaona kwamba ukubwa wake halisi ni mdogo kuliko unaoonyeshwa kwenye dirisha la mafaili, kwa kuwa faili moja linaweza kuhesabiwa mara mbili likionekana katika folda mbili. Ripoti ilipendekeza usafishaji, nikaufanya kwa amri hiyohiyo ya Dism ikiwa na chaguo la StartComponentCleanup, na nafasi iliyopatikana ilikuwa ndogo.

Kilichobaki kikubwa ni Windows.old, folda yenye toleo la zamani la Windows, iliyotokana na kupandisha toleo la mfumo siku nne zilizopita. Ndiyo njia yangu ya kurudi kwenye toleo la awali, na mfumo huiondoa wenyewe baada ya siku 10. Printa yangu bado haijatulia kwenye toleo jipya, kwa hiyo folda hiyo naiacha. Kwa sasa nimehamishia video zangu kwenye diski ya nje.