Mjadala: "Tumechoka fofofo" ni kosa?

Mleta mada: Wakuu, salamu. Juzi nimeandika kihadithi chenye sentensi hii: "Tulifika usiku, tumechoka fofofo." Mhariri akalikata neno la mwisho, pembeni akaandika: "Fofofo ni ya kulala na kufa tu. Weka *sana*." Nimeweka, na sentensi imedoda. Nani kasema kila kiigizi, yaani neno la kuigiza hali kama hili fofofo, kina mume mmoja?

Mchangiaji 1: Mhariri yuko sahihi. Nyeupe pepepe, giza totoro, kujaa pomoni, kufunga ndi, kukataa katakata, kimya jii. Ukianza kuvibadilisha utafika kwenye "giza pepepe", na hapo sijui utakuwa unaongea na nani. Wengine tulifundishwa kuviita tanakali za sauti, wengine vielezi viigizi, ila orodha ni ileile.

Mchangiaji 2: Orodha ya mtihani isikutishe, ndugu. Pomoni inajaza ndoo, inajaza ukumbi, inajaza gari. Na mtu akikuambia "simu imezima fofofo", utamuuliza maana yake?

Mleta mada: Hapo kwenye simu ndipo penyewe. Mtazame aliyelala fofofo. Unamwita, kimya. Unamtikisa bega, kimya. Unaunyanyua mkono wake, ukiuachia unaanguka kama si wake. Hiyo siyo "sana", ni kutoitika. Simu nayo unabonyeza, haiitikii: sawa. Lakini "nimeshiba fofofo" naikataa katakata, maana aliyeshiba bado anapiga soga. Kwa hiyo kinachofungwa si kitenzi, ni picha. (Mimi hata nikilitamka nasikia *kifo* ndani yake, ila hilo ni sikio langu tu.)

Mchangiaji 1: Na "nampenda fofofo"?

Mleta mada: Labda kama amezimia.

Mchangiaji 3: Mnabishana kuhusu fofofo wakati kosa kubwa liko kwenye hiyo *sana*. Jaribuni kukanusha. "Hakulala sana" ni sentensi ya kila siku. "Hakulala fofofo" inasikika kama unambishia mtu aliyetangulia kusema kwamba alilala fofofo. Na "fofofo kidogo" hakuna asemaye. Sana ina vipimo, inapanda na kushuka. Kiigizi ama kipo chote ama hakipo.

Halafu tazameni upatanisho: shuka jeupe pepepe, kitambaa cheupe pepepe, nywele nyeupe pepepe. Kivumishi kinahangaika na ngeli, pepepe imekaa palepale. Kinachobadilika ni mdomo wa msemaji: pe, pepepe, peee, kadiri anavyotaka uone weupe wenyewe. Mhariri anayeweka *sana* hapo hajasahihisha, amezima taa.

Mchangiaji 2: Hapo nimekuelewa. Basi mleta mada arudishe neno lake.

Mchangiaji 1: Ngoja kwanza. Nakubali kipimo chake cha kutoitika, tukitumie. "Tulifika usiku, tumechoka fofofo." Mlifikaje? Asiyeitika hatembei, wala hapigi hodi.

Mleta mada: Duh. Hapo umenibana ndi. Nimeshaibadilisha: "Tulifika usiku, tukajitupa chini, tukalala fofofo." Mhariri kapata alichotaka, ila *sana* yake nimemrudishia.