Mtu akipewa kifungo cha nje halafu apotee, sheria imfanye nini?

Fundi wa Bondeni
Wadau, tuzungumze hili bila matusi. Mwaka jana kijana alivunja kibanda changu cha kuchomelea hapa Nakuru, akabeba mashine, grinda na drili mbili. Akashikwa, akakubali kosa, hakimu akampa probesheni ya miaka 2, yaani kifungo cha nje chini ya uangalizi wa ofisa. Sikupinga. Ni mtoto wa miaka 20, nikasema heri arekebike akiwa nje kuliko aende kufundishwa wizi mkubwa ndani. Miezi mitatu tu, akaacha kuripoti. Simu mteja, haipatikani. Ofisa wake ananiambia korti imeshatoa waranti ya kumkamata na iko kituo cha polisi. Nikifika kituoni naambiwa, "Ukimwona tupigie." Yaani mimi niliyeibiwa ndiye nimegeuzwa mpelelezi. Swali langu: kutoroka kusiwe kosa lake pekee, na kifungo chake, juu ya lile la kwanza? Kwa nini akishikwa arudishwe tu palepale alipoachia?

Konda wa Salgaa
Hawa huwa hawaendi mbali. Wako kwa mama zao. Mama ndiye humficha na kumpikia, kisha anaenda kwa chifu kulia eti mtoto amepotea. Shika mama siku mbili, kijana atajileta mwenyewe.

Wakili Mchanga
Fundi, harudishwi palepale. Sheria ya probesheni, Sura ya 64, inasema amri iwe ya kuanzia miezi 6 hadi miaka 3. Kabla ya kuitoa, hakimu lazima amweleze mshtakiwa kwa lugha anayoielewa kwamba akivunja masharti anaweza kuhukumiwa upya kwa kosa lile la awali. Kuvunja jengo na kuiba ndani ni hadi miaka 7, kifungu cha 306 cha Kanuni ya Adhabu. Rungu liko tayari, na ni zito kuliko hilo kosa jipya unalotaka litungwe. Kinachokosekana ni mkono wa kulishika.

Mama wa Rhonda
Konda, nimesoma maneno yako mara mbili nikaweka simu chini. Nimerudi kukujibu.

Wangu alipatikana na simu ya wizi, akapewa probesheni ya mwaka mmoja. Alikuwa aripoti kila baada ya wiki mbili. Mara ya kwanza kukosa, tulikuwa tumelala bila unga, nauli ingetoka wapi? Mimi nauza sukuma kando ya barabara. Mara ya pili alikuwa amepata kibarua cha mjengo Naivasha, na msimamizi alisema ukiondoka leo kesho usirudi. Ya tatu akaogopa. Aliniambia, "Mama, nikienda sasa watanifunga." Asubuhi nilikuta kitanda kitupu. Kwa hivyo nikamatwe mimi? Nimwachie nani wale wadogo wawili?

Konda wa Salgaa
Mama, pole, lakini nauli si kisingizio. Kutoka Rhonda mpaka mjini watu wanatembea kila siku. Na ule mjengo wa Naivasha alifikaje kama hana nauli?

Mama wa Rhonda
Walibebwa na lori la mawe. Uliza kabla ya kuhukumu.

Mwalimu Mstaafu, Lurambi
Konda, mwanangu, mzazi hashtakiwi kwa kosa la mtoto mtu mzima. Kumficha mhalifu ukijua ni jambo lingine, lakini wewe umehukumu akina mama wote kwa sentensi moja. Nimefundisha miaka mingi huku Kakamega. Vijana waliopotea nawajua, na mara nyingi aliyekuwa akinijia kunisihi nimtafute mtoto alikuwa mama. Baba simkumbuki hata mmoja.

Konda wa Salgaa
Mwalimu, usilete mambo ya baba hapa. Mimi nimelea watoto wangu peke yangu tangu mke wangu afariki.

Mwalimu Mstaafu, Lurambi
Basi pole, sikujua. Lakini wewe pia hukujua ya mama huyu.

Nyakwar Kisumu
Serikali ikitaka mtu inampata. Wale watatu waliotoroka jela ya Kamiti Novemba 2021, si walishikwa ndani ya siku chache huko Garissa?

Wakili Mchanga
Kitui, si Garissa. Na waliwekewa zawadi ya shilingi milioni 60. Wale walikuwa wafungwa wa ugaidi. Hakuna atakayeweka hata elfu kumi kwa kijana aliyeiba drili.

Fundi wa Bondeni
Hapo ndipo panaponiuma. Drili kwa serikali ni kitu kidogo. Kwangu ilikuwa karo ya muhula.

Omwana wa Mumias, ng'ambo
Niko New York mwaka wa tisa sasa, naomba niongeze. Huku wana paroli, yaani mtu anatoka jela kabla ya kumaliza muda na anasimamiwa na ofisa. Zamani ukikosa kuripoti unarudi ndani miezi na miezi. Mwaka 2021 jimbo hili lilibadilisha sheria. Kwanza waliandika kwamba kutoroka ni kukwepa usimamizi kwa makusudi, si kukosa siku moja. Halafu wakaweka kikomo: mara ya kwanza hadi siku 7 ndani, ya pili 15, ya tatu na kuendelea 30. Na tangu 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Morrissey, kwamba huwezi kumnyang'anya mtu paroli bila kumsikiliza. Hilo neno "makusudi" ndilo tungelichukua.

Konda wa Salgaa
Siku saba? Hiyo ni likizo! Mtu akapumzike, ale, arudi mtaani kuvunja kibanda kingine.

Omwana wa Mumias, ng'ambo
Konda, ukivunja kibanda kingine hiyo ni kesi mpya na unafungwa kama kawaida. Siku saba ni za kutoripoti tu. Kukosa kuripoti na kuiba ni vitu viwili.

Fundi wa Bondeni
Sawa, lakini huyo anayesikilizwa ni mtoro. Na mimi? Ofisa alikuja kwangu mara moja kabla ya hukumu, akaandika maoni yangu, tangu hapo kimya. Kama singekuwa na tabia ya kufuatilia ningejuaje kwamba ametoroka?

Wakili Mchanga
Una haki ya kupewa habari, Fundi. Tuna Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014. Andika barua kwa korti iliyomhukumu, taja nambari ya kesi, omba kuelezwa waranti imefika wapi. Barua iliyopigwa muhuri ni ngumu kuitupa, tofauti na maneno ya kaunta.

Nyakwar Kisumu
Turudi kwa mama. Mama, unajua kijana yuko wapi kwa sasa?

Mama wa Rhonda
Nasikia yuko kwa mjomba wake Nyalenda, anasukuma mkokoteni sokoni Kibuye.

Konda wa Salgaa
Mnaona? Nilisema nini?

Nyakwar Kisumu
Omera, nyamaza kidogo. Mama, mimi niko Kisumu. Mtu aliye kwenye probesheni akihamia kwingine, usimamizi wake unaweza kuhamishwa. Shida ya mwanao ni kwamba alihama kwanza bila kusema. Mwambie arudi Nakuru mwenyewe, aende moja kwa moja kwa ofisa wake kabla hajashikwa kwa msako. Anayejileta hasikilizwi kama aliyeletwa na pingu.

Wakili Mchanga
Kweli. Na abebe chochote cha kuonyesha kazi, hata barua ya mjomba. Hakimu ana nafasi: anaweza kumtoza faini na kuiacha amri iendelee, au anaweza kumfunga. Simwahidi mtu chochote.

Mama wa Rhonda
Nimempigia mjomba. Kijana amechukua simu, ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yake tangu Pasaka. Anauliza jambo moja tu, kama watamfunga hapohapo mlangoni.

Mwalimu Mstaafu, Lurambi
Mwambie asije peke yake. Aje na mjomba.

Konda wa Salgaa
Akipanda gari ya asubuhi Kisumu anishukie Salgaa. Nitampeleka mjini bila nauli. Lakini sijabadilisha maoni yangu, kuna akina mama wanaoficha.

Mama wa Rhonda
Nitamwambia. Asante.

Fundi wa Bondeni
Nimefurahi kwa ajili yako, mama, na ninasema kwa dhati. Lakini wangu bado hajulikani aliko, waranti imelala kituoni, na nimeazima mashine ya jirani mwezi wa tano sasa. Wakili, hiyo barua inapelekwa kwa karani gani?