Mlango wa kabini umevunjika, nikate mpya kwa vipimo vya ule wa zamani?

boti_ndogo:
Wakuu habari. Nina boti ya faiba ya mita 6, mlango wa kabini ndo umekufa. Tulikuwa tunarudi mawimbi yanatupiga kwa nyuma, mlango ukawa unagonga gonga nikadhani komeo tu limelegea, kufika nakuta upande wa bawaba umechanika wote na plaiwudi huku chini imevimba imeachana matabaka, ukibonyeza kidole kinazama. Ule wa zamani ni sm 52 kwa 78, unene milimita 9. Nikate mpya hivyo hivyo? Kuna mtu ananiambia niweke akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, ili mwanga uingie. Na skrubu za shaba ya njano zinafaa, maana ninazo nyingi?

randa na msasa:
Mkuu, usipime mlango, pima tundu unapokaa! Mlango ulioloa na kuvimba miaka yote hiyo vipimo vyake si vya kuamini. Chukua boksi gumu ulikate mpaka likae kwenye fremu vizuri, halafu pima kona kwa kona zote mbili, zikitofautiana ujue fremu imekaa upande na ukikata pembe mraba utakwama. Acha nafasi ya milimita 3 hivi kila upande. Unene nenda 12, hiyo 9 skrubu za bawaba hazipati pa kushika.

fundi_wa_maji:
Naongezea. Tafuta plaiwudi ya baharini yenyewe, ya BS 1088 (kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti), za kawaida zina mapengo humo ndani na maji yakishapata njia hayatoki. Ila hata hiyo ya baharini itaoza usipoziba kingo, maji yanaingilia pale, sio usoni. Pakaza epoksi (ile gundi ya kuchanganya na kigumishi chake) kingo zote mara 3, na ule ukingo wa chini usioonekana ndo uanze nao, naona watu wengi wanauruka na ndo huohuo unaokufa kwanza kama wa kwako. Matundu ya skrubu toboa makubwa kuliko skrubu, jaza epoksi nzito, ikikauka toboa tena katikati yake saizi ya skrubu, hapo mbao haiguswi na maji kabisa. Mwisho vanishi ya kuzuia jua au rangi, maana epoksi ikiachwa wazi jua linaila.
Skrubu za shaba ya njano hapana. Chumvi inakula zinki iliyomo, zinabaki laini za pinki, siku unafungua kichwa kinakatika. Tumia stenlesi 316, chuma cha pua kinachostahimili chumvi.

kizingiti:
Akriliki ni nzuri lakini usiifunge kwa skrubu za kichwa cha kuzama, itapasuka. Tumia bolti na washa pana (vile visahani vyenye tundu), tundu liwe kubwa kidogo kuliko bolti kwa sababu inatanuka na joto, na usikaze sana. Kuisafisha ni maji na sabuni tu, thina inaipasua. Na tafadhali ndugu yangu komeo liwe linafunguka kwa ndani pia, mtu asije kufungiwa humo boti ikiwa inajaa maji.

boti_ndogo:
Asanteni sana aisee. Nimetoka kupima kona sasa hivi, zinatofautiana milimita 8, ningekata ule ubao bure. Komeo langu lilikuwa la nje tu na watoto huwa wanalala mle ndani, naanza na hilo kabla ya plaiwudi.