Naomba ushauri: kugawanya sehemu kwa sehemu

Habari zenu ndugu zangu, poleni na majukumu. Niko Likoni, Mombasa. Binti yangu wa gredi ya 6 amekwama kwenye kugawanya sehemu. Kanuni ameishika: sehemu ya pili unaipindua, kisha unazidisha. Ukimpa 3/4 ÷ 1/8 anakujibu 6 bila kusita. Ila anauliza, "Mama, tumegawanya, mbona jibu limekuwa kubwa?"

Hilo nilimwonyesha kwa unga wa mahamri. Tulichukua robo tatu kilo, tukapima mafungu ya gramu 125, yaani 1/8 ya kilo, yakatoka sita kamili. Akaelewa, akafurahi kweli.

Kilichotushinda ni 1/2 ÷ 3/4. Kanuni inatoa 2/3, lakini kwenye nusu kilo hupati hata fungu moja la robo tatu, naye hakubali jibu asiloliona. Namuunga mkono, maana kukariri tu kutamsumbua mbele.

Walimu na wazazi wenzangu, hiyo 2/3 nimwonyesheje kwa mchoro au kwa vitu vya nyumbani? Na kwa nini hasa tunapindua sehemu ya pili, si ya kwanza? Natanguliza shukrani.